Landrova 109 imechoka injini: njia nne za kuijenga upya kwa ujazo mkubwa zaidi

Kama umewahi kupandisha Landrova ya petroli kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, unaijua ile kona ambapo gia ya tatu inakataa. Unarudi ya pili, injini inanguruma, mshale wa joto unasogea kulia, na Noah iliyojaza watu mpaka buti inakupita kama umeegesha.

Halafu inafika siku moshi wa bluu unaanza. Oili inapungua kila ukiamka, plagi zinatoka nyeusi na zimelowa, na fundi akipima kompresheni anatikisa kichwa: "Mzee, hii lazima ishuke." Injini ikishashuka chini, kila anayepita gereji ana ushauri. Mmoja anasema ichonge tu, weka pistoni za oversize, zile kubwa kidogo kuliko za kiwandani, itakuwa na nguvu kuliko ilipotoka kiwandani. Mwingine anakwambia tafuta 2.5. Wa tatu ana binamu anayeuza Tdi, injini ya dizeli yenye turbo. Wa nne, ambaye kwa kawaida hana gari, anasema weka V8, ya silinda nane.

Nimeandika kwa ajili ya mtu aliyesimama hapo, injini iko kwenye stendi na pesa bado iko mfukoni. Mfano wangu ni Series III ya 109 (inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne ambayo wengi tunaiita tu "2.25". Mwenye 88, ile fupi, naye atafaidika, mambo mengi ni yaleyale.

Hesabu kabla ya fundi

Ukiacha idadi ya silinda, ujazo wa injini unatokana na vitu viwili tu: kipenyo cha silinda, na urefu wa safari ya pistoni kutoka chini hadi juu. Kipenyo unakipanua kwa kuchonga. Safari ya pistoni inaamuliwa na krankshafti (kranki), shafti inayozungushwa na pistoni, na hapo kuchonga hakusaidii kitu, lazima kranki nyingine.

Injini ya 2.25 ina kipenyo cha mm 90.47 na safari ya mm 88.9. Ukizidisha vizuri unapata cc 2,286. Sasa tazama njia nne zinazotajwa gereji, zikiwa zimepangwa pamoja:

| Injini | Kipenyo (mm) | Safari (mm) | Ujazo (cc) | Nguvu za farasi, ikiwa mpya |
|---|---|---|---|---|
| 2.25 kama ilivyotoka kiwandani | 90.47 | 88.9 | 2,286 | karibu 70 |
| 2.25 iliyochongwa oversize 20 | 90.98 | 88.9 | 2,312 | karibu ileile |
| 2.25 iliyochongwa oversize 40 | 91.49 | 88.9 | 2,338 | karibu ileile |
| 2.5 petroli | 90.47 | 97 | 2,495 | 83 |
| 200Tdi ya Defender | 90.47 | 97 | 2,495 | 107 |
| 300Tdi | 90.47 | 97 | 2,495 | 111 |
| V8 ya 3.5 | 88.9 | 71.12 | 3,528 | 91 kwenye Land Rover ya 1979, 135 kwenye Range Rover ya 1970 |

Namba 20 na 40 ni sehemu za elfu za inchi, ndivyo mafundi wanavyozitaja. Oversize 40, ambayo ni kuchonga kwa milimita moja hivi, inakuongezea cc 52. Hiyo ni asilimia 2 na kidogo. Ndiyo maana namwonea huruma anayelipia kuchonga akitegemea kuihisi tofauti kwenye usukani. Nguvu mpya anayoisikia baada ya ovahoo ni kompresheni iliyorudi, pamoja na vali zilizokaa vizuri.

Angalia pia safu ya 2.5 na Tdi. Kipenyo ni kilekile, safari ni ileile. Ziko kwenye ukoo mmoja na 2.25 yako, na undugu huo utatuhusu sana mbele.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza watu wengi hawakitaji: unaendesha kwenye mwinuko gani? Injini isiyo na turbo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya silinda) inanyonya hewa iliyopo, basi. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Pale juu hewa ni nyepesi kuliko ya ufukweni Tanga kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo 2,286 yako, ikifika ukingoni, inafanya kazi kama injini ya cc 1,830 iliyoko pwani. Weka 2.5 petroli, na ukingoni inakuwa kama ya cc 2,000. Bado hujaifikia hata ile 2.25 ya jamaa wa Tanga. Mtu wa Mombasa na mtu wa Karatu wakiniuliza swali moja, nitawapa majibu mawili.

Cha pili ni bloki uliyonayo. Injini za 2.25 za mpaka 1980 zina kranki inayokaa kwenye beringi kuu tatu. Baada ya hapo zikawa tano. Bloki ya beringi tatu haipokei kranki ya beringi tano, hakuna ujanja wa kufanya. Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, uhesabu. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi, kwa sababu Landrova nyingi zimeshabadilishiwa injini mara mbili au tatu kabla hazijakufikia.

Vilivyobaki ni vya kawaida: mvuto unaoupata, upatikanaji wa spea na fundi anayeijua injini, vitu vingine vitakavyodai kubadilishwa nyuma ya injini, mafuta itakayokunywa, na makaratasi. Hilo la makaratasi nalimaliza hapahapa ili nisilirudie. Kadi ya TRA kwa Tanzania na logbook ya NTSA kwa Kenya zinabeba namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta. Ukichonga bloki yako mwenyewe, namba inabaki. Ukiweka injini nyingine, kabadilishe kumbukumbu na uiarifu bima, na ukinunua injini ya mtumba dai risiti yenye namba. Siku utakayouza gari utajishukuru.

Njia ya kwanza: kuchonga 2.25 yako

*Kazi yenyewe.* Bloki inapimwa silinda kwa silinda, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Silinda iliyochakaa haiwi duara tena, inakuwa yai, na juu huwa pana kuliko chini kwa sababu ndiko ringi zinakogeuzia. Ile iliyochakaa kuliko zote ndiyo inayoamua: kama inahitaji 40, zote nne zinakwenda 40. Kama ilishachongwa 40 huko nyuma, unaweka slivu (kuta mpya za silinda) na kurudi standadi, na cc zako zinarudi 2,286.

Kanuni moja naisisitiza kwa sababu iliniuma. Nunua pistoni kwanza, ziwe mkononi, kisha upeleke bloki na pistoni pamoja. Anayechonga azipime hizo pistoni na kuacha nafasi aliyoitaja mtengenezaji wa pistoni. Mimi niliwahi kupeleka bloki ikachongwa "40" kwa namba ya kitabuni, pistoni zikaja baada ya wiki tatu, ndogo kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kila asubuhi injini ilikuwa inapiga kama mtu anagonga ndoo mpaka ipate moto. Karakana ilisema ni kosa la pistoni, muuza pistoni akasema ni kosa la karakana, na mimi nikalipa mara mbili.

Baada ya kuchonga, ukuta wa silinda uachiwe mistari iliyopishana, isiyo laini kama kioo, kwa sababu ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi. Kisha bloki ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Unga wa jiwe la kuchongea ukibaki ndani, utazila ringi mpya ndani ya kilomita chache. Kranki nayo ipimwe, ikichongwa nunua beringi za saizi inayolingana.

*Mvuto.* Kutoka kwenye ujazo, karibu hakuna. Ila kuna kitu watu wanakipita bila kukiona. Injini hizi zilitoka na hedi za aina mbili, ya kompresheni 7:1 na ya 8:1, na nyingi zilizouzwa nchi zenye petroli hafifu zilikuwa za 7:1. Ukipata hedi ya 8:1 na kuiweka, utaongeza mvuto kuliko oversize 40 itakavyokupa, na petroli ya leo inaikubali bila kugonga. Wakati hedi iko karakana, agiza viti vya chuma kigumu kwa vali za ekzosti. Injini ilisanifiwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikilinda viti hivyo, na petroli hiyo iliondoka kwenye vituo vyetu miaka ya 2005 na 2006.

*Spea na fundi.* Hapa njia hii inazishinda nyingine zote. Kila mji wenye historia ya Landrova una mzee anayeweza kuifungua 2.25 gizani. Pistoni, ringi, beringi na gasketi bado zinatengenezwa.

*Kinachofuata nyuma yake.* Hakuna. Giaboksi, difu, rejeta na breki havijui kama kuna kilichobadilika.

*Mafuta.* Ileile kilomita 5 hadi 6 kwa lita, ukiwa na kabureta iliyosafishwa na mguu mwepesi.

Inamfaa anayeishi pwani au tambarare, anayetaka gari libaki halisi, na mwenye bloki ya beringi tatu asiyetaka kuiacha.

Njia ya pili: kuipeleka 2.5 kwa kranki ndefu

*Kazi yenyewe.* Hii ndiyo kuongeza ujazo kwa maana kamili. Land Rover wenyewe walifanya hivyo mwaka 1985: waliacha kipenyo kilivyo, wakarefusha safari ya pistoni kutoka mm 88.9 hadi 97.

Kuna njia mbili za kuifikia. Ya kwanza ni kupata injini nzima ya 2.5 petroli, hata iliyochakaa, ukaijenga hiyo. Ya pili ni kuchukua kranki na pistoni za 2.5 ukazifunga kwenye bloki yako ya beringi tano. Ya pili inavutia kwa bei lakini inataka mtu wa kupima, si wa kukisia. Fikiria: kranki mpya inaipandisha pistoni juu zaidi kwa nusu ya tofauti, yaani mm 4.05. Ukibaki na pistoni za 2.25 na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zilezile, pistoni itatoka juu ya bloki na kukutana na hedi. Kwa hiyo pistoni ziende pamoja na kranki, kisha uizungushe injini kwa mkono, taratibu, bila hedi, ukikagua pistoni zinaishia wapi juu na konrodi zinapita umbali gani na ukuta wa bloki chini. Fundi akikwambia "itakaa tu", chukua kranki yako urudi nayo nyumbani.

Ukiwa na bloki ya beringi tatu, sahau njia ndogo na utafute injini nzima. Hakikisha pia fraiwili (gurudumu zito nyuma ya kranki) inalingana na kranki mpya, maana ya beringi tatu na ya beringi tano hazifungwi kwa namna moja.

*Mvuto.* Cc zinaongezeka kwa asilimia 9, na ongezeko zuri liko chini kwenye mizunguko midogo, ambako Landrova inaishi. Nyuton-mita, kipimo cha mvuto, zinapanda kutoka karibu 160 hadi 180. Huwezi kumpita mwenye Noah, lakini zile kona za gia ya pili baadhi zitakuwa za gia ya tatu. Kwa pwani ni uboreshaji wa kuridhisha sana. Kwa Karatu ni nusu ya dawa.

*Spea na fundi.* Vitu vya juu, kama vali na gasketi, vinafahamika. Ugumu ni kuipata injini yenyewe, kwa sababu 2.5 petroli zilikuwa chache huku kwetu, wengi walinunua dizeli. Ukiiona inauzwa, usilale na wazo.

*Kinachofuata nyuma yake.* Kidogo. Inakaa mahali pa 2.25 bila kudai mabano mapya, giaboksi inaibeba, rejeta nzima inatosha ikizibuliwa vizuri. Jeti za kabureta zirekebishwe, na mafuta yatabaki karibu na yale ya 2.25, maana injini haikazwi kama zamani.

Inamfaa mwenye bloki ya beringi tano, anayependa ulaini na ukimya wa petroli, na ambaye yuko tayari kusubiri spea badala ya kukata chasisi.

Njia ya tatu: Tdi, ujazo uleule wa 2,495 lakini hewa ya kusukumwa

Mtu wa kanuni atasema hii si kuongeza ujazo, ni kubadilisha injini. Kweli. Lakini ukitoka 2,286 kwenda 2,495 umeongeza, na turbo inafanya kile ambacho ujazo ungekifanya: inaingiza hewa zaidi kwenye silinda ileile. Ndiyo maana kwenye ukingo wa kreta inapoteza kidogo sana wakati ndugu zake wa petroli wanahema.

*Kazi yenyewe.* 200Tdi ilitoka 1989 kwenye Discovery, mwaka uliofuata kwenye Defender. 300Tdi ikafuata 1994. Kwa Series, 200Tdi ndiyo rahisi zaidi, inafunga kwenye nyumba ya klachi ya zamani kwa sababu ya ule undugu niliouonyesha kwenye jedwali. Ya Defender ina turbo juu na inapita vizuri, ya Discovery turbo imekaa chini na itakusumbua na bomba la ekzosti na mguu wa injini. 300Tdi nayo inaingia, ila kwa kazi zaidi ya mabano na mabomba.

Injini ya mtumba ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, usiifunge ilivyo. Hedi ya Tdi ni ya alumini, na iliyowahi kuchemsha huwa imepinda. Itoe, ilaze rula ya chuma juu yake, tazama mwanga. Mkanda wa taimingi ubadilishwe siku hiyohiyo pamoja na roli yake, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya. Ukikatika, vali na pistoni zinakutana.

*Mvuto.* Nyuton-mita 255 kwa 200Tdi ya Defender na 265 kwa 300Tdi, zote kwenye mizunguko 1,800. Linganisha na 160 za mwanzo. Hii ni gari nyingine.

*Spea na fundi.* Zinapatikana vizuri, kwa kuwa Defender za Tdi zimefanya kazi kwenye utalii, mashirika na serikali kwa miaka mingi. Pampu yake ni ya kimakanika, kompyuta haihusiki, isipokuwa baadhi ya 300Tdi za giaboksi otomatiki. Hizo ziache.

*Kinachofuata nyuma yake.* Hapa ndipo bajeti za watu huzama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unahitaji rejeta yenye nafasi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) pembeni, kipoza oili, bomba jipya la ekzosti, chujio la hewa kubwa, bomba la dizeli la kwenda na la kurudi tangini, na tangi lenyewe lisafishwe petroli yote. Swichi ya funguo iunganishwe na solenoidi (vali ya umeme) ya kuzima mafuta pamoja na plagi za kupasha moto. Pampu ya vakyumu inayokuja na injini itakupa nafasi ya kuweka sevo ya breki, inayousaidia mguu wako kubana, na iweke, kwa sababu gari likikimbia zaidi lazima lisimame zaidi.

Kisha difu. Series ina uwiano wa 4.7:1, ambao kwa Tdi unakuishia mapema, injini inapiga kelele kwenye kilomita 80. Wengi wanaweka difu za 3.54 kutoka Range Rover au Discovery. Zinaingia kwenye ekseli za kawaida za Rover, lakini ekseli kubwa ya nyuma aina ya Salisbury, ambayo 109 nyingi za Series III zinayo, haizipokei. Wenye Salisbury hutafuta ovadraivu, gia ya ziada ya mwendo. Kwa upande mwingine, Salisbury ni ngumu, ilhali hafushafti (shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) za ekseli ya kawaida zinaweza kukatika ukiziachia mvuto mpya huku gurudumu limebanwa kwenye jiwe. Giaboksi ya Series pia inataka heshima. Usiachie klachi ghafla na trela nyuma.

*Mafuta.* Kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwa uendeshaji wa kawaida. Kwa anayetembea kila siku, hesabu hii ndiyo inayorudisha pesa.

Inamfaa anayefanya kazi na gari: watalii, mizigo, safari za Loliondo au Turkana. Haimfai mwenye bajeti inayotosha injini tu.

Njia ya nne: V8 ya 3.5

*Kazi yenyewe.* Injini hii ilianza maisha Marekani kwenye Buick ya 1961, Rover wakanunua haki zake miaka ya 60, na mwaka 1979 Land Rover wakaiweka wenyewe kwenye 109 na kuituliza hadi farasi 91. Bloki na hedi ni alumini, kwa hiyo si nzito kama umbo lake linavyotisha. Kuifunga kwenye giaboksi ya Series kunataka adapta, na giaboksi hiyo haitakushukuru. Kiwanda chenyewe kilitumia giaboksi ya Range Rover. Ukifuata njia hii, nunua injini na giaboksi kama mke na mume, usiwatenganishe.

Na ukitaka ujazo, familia hii inao: kuna ya 3.9 yenye kipenyo cha mm 94, na ya 4.6 yenye kipenyo hichohicho na safari ya mm 82. Lakini huwezi kuichonga bloki ya 3.5 mpaka mm 94 kwa mashine ya kawaida. Slivu zake za chuma zimeingizwa ndani ya alumini, na hazina nyama hiyo. Bloki kubwa zenyewe zina sifa mbaya ya slivu kusogea zikichemka.

*Mvuto.* Laini, wa papohapo, na sauti ambayo hakuna Tdi itakayoipata. Kwenye ukingo wa kreta inabaki kama cc 2,800 za pwani, inatosha na kusaza.

*Spea na fundi.* Uliza kabla ya kununua: nani mjini kwenu ameshaijenga V8 hii ikadumu? Kamshafti na tapeti zake za oili haziwezi oili chafu, na zikichakaa injini inapungua nguvu polepole bila kupiga kelele ya kukushtua.

*Kinachofuata nyuma yake.* Mabano, ekzosti mbili, rejeta kubwa, na mfumo wote wa kuendesha magurudumu. *Mafuta:* kilomita 4 hadi 5 kwa lita, na ukiwa na furaha, pungufu.

Inamfaa mwenye gari la mapenzi, la Jumapili na mikusanyiko kama ule msururu wa Land Rover uliofanyika Arusha Oktoba 2024, na ambaye kituo cha mafuta hakimnyimi usingizi.

Hali yako ikiwa hii

Unaishi Dar, Tanga, Lamu au Mombasa, na gari linazunguka tambarare: chonga 2.25 yako, tafuta hedi ya 8:1, hela iliyobaki weka kwenye breki na nyaya. Bloki yako ikiwa ya beringi tano na ukakutana na 2.5 njiani, ichukue.

Uko Arusha, Nairobi, Mbeya au Iringa na gari linapanda milima likiwa na watu wanaolipa: Tdi, na utenge kwa vitu vya pembeni pesa isiyopungua ile ya injini yenyewe. Ukikosa hiyo ya pili, chonga kwanza, kusanya taratibu, maana Tdi iliyofungwa kwa rejeta ya zamani itakuulia hedi ndani ya msimu mmoja.

Bloki imeshafika 40 na bado inakula oili: linganisha bei ya slivu nne na kazi yake dhidi ya injini nzima ya 2.5. Mara nyingi hazipishani sana, na hapo 2.5 inashinda kwa sababu unapata kranki ndefu humohumo.

Gari la urithi, la babu, lenye namba ya injini inayofanana na ya kadi: usiibadilishe injini. Kama roho inataka 2.5, ipate, ile ya asili uipake oili na kuifunika ndani ya sanduku kavu.

Una trela, una hema juu ya paa, na kila mwaka unaelekea Turkana au Katavi: Tdi tena, na wewe zaidi ya wote uangalie hafushafti na difu kabla ya kuangalia rangi ya turbo.

V8 sijaiwekea hali yoyote hapa. Anayeitaka anajijua.

Yangu ni ya beringi tatu, na safari zangu ni za Babati kuliko za kreta. Ile bloki iliyokuwa inagonga ndoo niliirudisha standadi kwa slivu, nikafunga hedi ya 8:1 na viti vigumu vya vali. Haili oili tena. Pale kwenye kona ya Mto wa Mbu bado narudi gia ya pili, na Noah bado zinanipita.